Aliyedhaniwa Ametoroka: Kisa cha Karani wa Mizani

Usuli

Ghala hili liko katika mji wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Linanunua mahindi na maharagwe kwa wakulima na madalali, linayachambua na kuyakausha, kisha linayafunga kwenye magunia na kuyapakia kwenye malori yanayovuka mpaka. Wafanyakazi wa kudumu hawafiki hamsini. Wakati wa mavuno huongezwa wapagazi wa kutwa. Majina na mji nimeviondoa, na mambo mengine madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha kwa ridhaa ya mwajiri na ya mfanyakazi. Mimi niliitwa kama mshauri wa masuala ya kazi wiki ya kwanza ya mgogoro ilipokuwa inaisha.

Kazi hapo hufanyika kwa Kiswahili. Wapo watu wa makabila mbalimbali ya mashariki, wapo waliokulia upande wa Kenya, na madereva wanatoka kila mahali, kwa hiyo Kiswahili ndicho wanachokutania. Barua za ofisi, hata hivyo, zilikuwa za Kiingereza, kwa kuwa kiolezo chake kilinakiliwa zamani kutoka kampuni nyingine na hakuna aliyekigusa tangu hapo.

Mhusika mkuu ni karani wa mizani, mwanamume mwenye familia, aliyefanya kazi hapo miaka sita. Kazi yake haionekani kubwa mpaka siku akikosekana. Mizani ya ghala ni ya jukwaa. Magunia hupangwa kumikumi juu ya chaga la mbao, na kabla ya gunia la kwanza kupanda, karani huweka chaga tupu juu ya jukwaa, hurudisha mizani kwenye sifuri, ndipo hupokea mzigo. Chaga moja lina kilo kama ishirini. Asiyeliondoa kwenye hesabu anauza mbao kwa bei ya mahindi.

Kwa miaka hiyo yote faili lake lilikuwa na onyo moja la mdomo, la kuchelewa. Mkataba wake ulikuwa wa ukurasa mmoja na nusu. Kuhusu kutokuwepo kazini ulisema jambo moja tu: utoro ni kosa la kufukuzwa. Haukusema akiumwa ampigie nani simu, wala ofisi ikimkosa imtafute wapi. Sehemu ya ndugu wa karibu ilikuwa na namba ya simu iliyokwisha kufungwa.

Jambo moja zaidi lisemwe mapema, kwa sababu bila hilo mwenye ghala ataonekana mtu mkatili, na si hivyo. Kabla ya kisa hiki alikuwa ameshaachwa mara kadhaa na wapagazi waliopokea mshahara Jumamosi wasirudi tena. Alikuwa ameumizwa na utoro wa kweli, tena katikati ya msimu.

Mfuatano wa matukio

Jumamosi ya mwisho wa Julai mishahara iliingia kwenye simu za wafanyakazi. Jumapili karani alipanda boda kwenda kwa mama yake kijijini. Boda iliteleza kwenye changarawe, akaangukia bega na mtulinga ukavunjika. Simu yake ilipasuka hapo hapo.

Jumatatu asubuhi hakuonekana. Msimamizi wa ghala aliandika alama ya kutokuwepo kwenye daftari la mahudhurio na kumweka mpagazi mmoja kwenye mizani, kijana hodari wa kubeba ambaye hakuwahi kuelezwa habari ya sifuri. Malori matatu yalikuwa yanasubiri.

Jumanne hakuja. Jumatano afisa wa utawala, ambaye wafanyakazi wanamwita Madamu, alipiga simu yake mara kadhaa na kukuta haipatikani. Alimuuliza msimamizi kama kuna habari yoyote. Msimamizi akajibu, "Hakuna, Madamu. Si unajua wiki ya mshahara."

Ijumaa mwenye ghala, ambaye wote humwita Mzee, alitoa uamuzi mbele ya watu, uwanjani: "Huyo amejifukuza mwenyewe. Andika barua, tafuta mwingine." Barua ikachapwa kwa Kiingereza, aya mbili: umetoroka kazini tangu tarehe fulani, kwa hiyo ajira yako imekoma tangu tarehe hiyo hiyo. Madamu alipewa aisaini. Akaomba mpaka Jumatatu. Alimwambia Mzee kwa heshima kwamba hana hakika barua hiyo itasimama mbele ya afisa kazi wa wilaya, na jioni ile akanipigia.

Kwa maoni yangu, kisa chote kiligeukia kwenye ombi hilo la siku mbili. Barua ikishatoka na muhuri wa kampuni huwezi kuirudisha mezani. Unabaki kuitetea hata ukijua huna utetezi.

Maamuzi, na kwa nini yalichukuliwa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokutuma barua ile. Waajiri wengi hapa Uganda hutumia neno "amejifukuza" kana kwamba ni kifungu cha sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haina mlango huo. Kifungu cha 66 kinamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, amweleze sababu anayoifikiria, kwa lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, apewe muda wa kujiandaa, kisha asikilizwe. Mwajiri asiyefanya hivyo anadaiwa malipo ya wiki nne za mshahara halisi, hata kama sababu yake ya kufukuza ilikuwa ya kweli. Na kifungu cha 75 kinasema wazi kwamba kutokuwepo kazini kwa muda, hadi miezi mitatu, kwa sababu za kuaminika zikiwemo ugonjwa au kuumia, si sababu halali ya kufukuza wala ya adhabu. (Namba hizi ni za Sheria ilivyotoka 2006. Katika toleo la sheria lililorekebishwa vifungu vimepangwa upya, kwa hiyo msomaji alinganishe na nakala aliyo nayo.)

Mzee aliuliza swali la haki kabisa: "Nitamsikilizaje mtu asiyekuwepo?" Jibu ni kwamba kwanza unamtafuta, na unatunza ushahidi kwamba ulimtafuta. Akipatikana, anasikilizwa. Asipopatikana, au akipokea wito na kunyamaza, unakaa kikao bila yeye, unaandika kumbukumbu, unaamua. Hapo umefanya wajibu wako.

Uamuzi wa pili ulikuwa barua ya kumtafuta. Tuliikubali iwe fupi, isiwe na neno lolote la kutuhumu, na iwe kwa Kiswahili na Kiingereza kwenye karatasi moja. Sehemu ya Kiswahili ilisomeka hivi:

"Hatujakuona kazini tangu Jumatatu na simu yako haipatikani. Tunataka kujua kama uko salama na ni nini kilichokuzuia. Tafadhali fika ofisini au utume mtu au upige namba iliyo hapa chini kabla ya Alhamisi. Kama unaumwa au umeumia, tueleze ulikotibiwa. Usipotujibu kufikia siku hiyo, tutakuita rasmi kwenye kikao cha kueleza kutokuwepo kwako, na kikao kinaweza kuendelea bila wewe."

Wengine wataona barua hii ni laini mno. Sioni hivyo. Ina tarehe na njia tatu za kujibu, na inasema kitakachofuata asipojibu. Kilichokosekana ni hukumu tu, na hukumu ilikuwa haijapata msingi.

Nakala moja ilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la serikali ya mtaa la ngazi ya kijiji, wa kijiji alichozaliwa, ambacho jina lake lilikuwa kwenye nakala ya kitambulisho chake cha taifa ndani ya faili. Mwenyekiti alisaini kwamba amepokea, akagonga muhuri, na akamtuma mtoto aipeleke. Kwa mwajiri wa miji midogo njia hii ni bora kuliko posta, na ule muhuri ni ushahidi ambao afisa kazi hataupuuza.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa mizani. Tulimshauri Mzee asiajiri mtu wa kudumu bali achukue wa muda, kwa mkataba wa maandishi wa mwezi mmoja unaotaja kwamba anashikilia nafasi ya mtu mwingine. Akikubaliwa wa kudumu, kurudi kwa karani kungezaa mgogoro wa pili.

Barua ilimfikia Jumatatu jioni, siku ya nane tangu aanze kukosekana kazini. Hakuwa hospitalini. Siku ya ajali alipelekwa kituo cha afya kilicho karibu, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa aende kupigwa picha hospitali ya mbali. Familia ikaamua vingine: ikampeleka kwa fundi wa mifupa, mzee anayeheshimika kijijini, aliyemfunga bega kwa vijiti na vitambaa na kumtaka abaki uani kwake akandwe kila asubuhi. Alhamisi, siku ya kumi na moja, alifika ghalani akisindikizwa na kaka yake, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kanga.

Hapa palikuwa na mtego. Mzee, alipomwona, alitaka kikao kifanyike saa ile ile, "maadam amekuja." Tulikataa. Mtu aliyetoka safari ya maumivu, asiyejua anatuhumiwa nini, na ambaye hajachagua wa kukaa naye, hajasikilizwa hata kama maneno yamesemwa. Siku hiyo Madamu alizungumza naye kuhusu afya yake peke yake: ameumia lini, ametibiwa wapi, anahitaji nini. Mazungumzo ya nidhamu yakawekwa Jumatatu iliyofuata, na akapewa barua ya wito yenye tuhuma mbili zilizotenganishwa: kutokuwepo kazini bila ruhusa, na kutokutoa taarifa.

Kutenganisha huku ndiko ninakotaka waajiri wakushike. Swali la "kwa nini hukuja" na swali la "kwa nini hukutuambia" ni maswali mawili, na sheria inayajibu tofauti. Kifungu cha 55 kinampa anayeumwa haki ya kutokuwepo na ya kulipwa, lakini kinamtaka pia amjulishe mwajiri mapema kadiri inavyowezekana, na alete cheti cha daktari anayetambulika ikiwa mwajiri atakitaka. Mtu anaweza kuwa na sababu njema ya kutofika na bado akawa na kosa la kunyamaza. Anaweza pia kuwa na taarifa nzuri na sababu ya uongo. Ukiyachanganya maswali haya utamwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake, au utamsamehe mzembe kwa kuwa alipiga simu.

Kwa nini Jumatatu, na si baada ya kupona? Kwa sababu ya kifungu cha 62: isipokuwa kwa hali za kipekee, mwajiri asiyetoa adhabu ndani ya siku 15 tangu alipojua kuhusu kosa, huhesabiwa kuwa ameacha haki yake ya kuitoa. Jumatatu ile ilikuwa ndani ya siku hizo kwa kubana. Tungeweza kudai kwamba kuumia kwake ni hali ya kipekee, lakini sikutaka tuegemee hilo. Tulimuuliza karani kama anaweza kukaa na kuzungumza. Akasema anaweza, akaandika hivyo kwa mkono wake mzima, na akataja mtu atakayekaa naye: kiongozi wa wapagazi, mtu mzima anayeaminika na pande zote.

Kabla ya kikao, Ijumaa, ghala lilimpeleka hospitali kwa gharama yake. Picha ya eksirei ilionyesha mtulinga uliovunjika na kuanza kuunga kwa kupinda. Daktari aliandika kwamba jeraha linalingana na muda aliouelezwa, na kwamba mgonjwa asifanye kazi ya mkono kwa wiki nne zaidi.

Kikao

Mzee hakukaa kwenye jopo. Alishatamka uwanjani kwamba mtu amejifukuza, kwa hiyo hakuna ambaye angeamini kwamba anasikiliza upya. Alikubali kwa shida. Jopo likawa Madamu na mkuu wa mauzo, ambaye hakuhusika popote. Msimamizi wa ghala aliitwa kama shahidi. Lugha ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiswahili, zikasomwa kwa sauti, zikasainiwa, kisha zikafasiriwa kwa ajili ya faili.

Tuhuma ya kwanza iliisha kwa dakika chache, barua ya daktari ikiwa mezani. Kwenye ya pili, karani alisema, "Mimi nilituma habari. Mpwa wangu ni mtu wa boda, nilimtuma Jumanne apite hapa getini."

Msimamizi alisema hajui habari hiyo. Kiongozi wa wapagazi akaomba daftari la getini liletwe. Likaletwa, na kwenye ukurasa wa Jumanne, kati ya namba za malori mawili, askari alikuwa ameandika kwa peni ya buluu: "Saa 2:40. Mpwa wa karani wa mizani. Anasema ajali ya boda, bega. Nimemwambia msimamizi."

Askari aliitwa akathibitisha. Msimamizi aliulizwa tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ukweli: aliambiwa, akadhani ni visingizio vya kila mwisho wa mwezi, akajibu, "aje mwenyewe aseme," na kazi ikamzidi akasahau. Jumatano alipoulizwa na Madamu, aliona aibu kusema alijua.

Jopo liliona kwamba tuhuma ya pili nayo haikusimama. Mtu aliyelala na bega lililovunjika, simu imepasuka, akamtuma ndugu siku ya pili, amejulisha mapema kadiri ilivyowezekana. Waliandika pia, na nadhani walifanya vyema, kwamba baada ya siku ile ya pili angeweza kutumia simu ya mpwa wake kumpigia Madamu moja kwa moja, na kwamba akubaliane na ofisi juu ya utaratibu huo kwa siku zijazo. Hilo liliwekwa kama makubaliano. Hakuna onyo lililotolewa.

Matokeo

Karani alilipwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo. Mzee alihoji siku zile kumi na mbili za mwanzo ambazo hazikuwa na cheti, kwa hoja kwamba fundi wa mifupa si daktari. Ni kweli, si daktari anayetambulika na neno lake lisingetosha. Lakini cheti kinaletwa pale mwajiri anapokitaka. Ghala lilikitaka siku ya kumi na moja, na siku iliyofuata barua ya daktari ikapatikana, ikirudi nyuma hadi siku ya ajali. Akalipa.

Baada ya mwezi huo palibaki wiki mbili hivi ambazo sheria haimlazimishi mwajiri kuzilipa, na mkataba haukusema kitu. Karani alikuwa na siku za likizo ya mwaka alizolimbikiza (sheria inatoa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka), akachagua kuzitumia ili nyumba isikose chakula. Lilikuwa chaguo lake na liliandikwa hivyo. Bado halinikai vizuri, kwa sababu likizo ni ya kupumzika na yeye aliitumia kuumwa. Mwajiri mwenye uwezo angetoa nusu mshahara kwa kipindi hicho na kuacha likizo ilivyo.

Alirudi wiki ya saba. Bega limeunga kwa kupinda na mkono haupandi wote, lakini mizani haihitaji mkono upande juu ya kichwa. Kusukuma chaga amewekewa mpagazi.

Msimamizi aliitwa kwenye kikao chake, naye akiwa na mtu wake wa kukaa naye, akapewa onyo la maandishi kwa kuficha taarifa. Mzee alitaka afukuzwe. Tulipinga: ni kosa kubwa, lakini alikiri, hakufaidika, na alikuwa anaendesha mapokezi, upakiaji na ukaushaji peke yake katika wiki ngumu kuliko zote za mwaka. Siku zake 15 zilihesabiwa kuanzia siku kosa lilipojulikana kikaoni.

Hasara ya fedha haikutoka kwa karani hata kidogo. Lori moja lililopakiwa Jumatatu ile ya kwanza lilikuwa na magunia 280, yaliyopimwa kumikumi pamoja na chaga lake. Awamu 28 kwa kilo 20 ni kilo 560 za mbao zilizoandikwa mahindi. Mnunuzi alipima upya kwake, akakata fedha na kutuma malalamiko. Kiasi alichokata kilizidi fedha zozote ambazo Mzee alifikiri anaziokoa kwa kukataa kumlipa mgonjwa.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki kabla ya sheria yoyote ni mtu mmoja aliyeomba muda. Madamu hakuwa na mamlaka ya kumpinga Mzee, na hakumpinga. Alisema hana hakika, akataja mahali ambapo barua ingekwenda kupimwa, akaomba siku mbili. Kampuni ndogo ambazo mwenye mali ndiye mwajiri, hakimu na mlipaji zinahitaji utaratibu unaompa mtu wa ofisi nafasi hiyo bila kumwomba awe jasiri. Ghala sasa lina kanuni kwamba hakuna barua ya kusitisha ajira inayosainiwa siku ile ile ilipoagizwa. Ni kanuni ndogo, na naiamini kuliko sera ya kurasa ishirini.

Barua ya kutafuta ilifanya kazi kwa sababu ilikwenda kwa Kiswahili. Kaka yake aliniambia kwamba ingekuwa ya Kiingereza wangempelekea mwalimu wa shule aisome, na shule zilikuwa zinakaribia kufunga. Tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini katika suala la nidhamu kazini huhitaji hata kufika kwenye katiba. Kifungu cha 66 kinataka lugha anayoielewa mfanyakazi. Ghala linaloagiza, kukemea na kupongeza kwa Kiswahili kutwa nzima, likifukuza kwa Kiingereza, lina shida ya kueleza mbele ya Mahakama ya Viwanda kwa nini lilibadili lugha siku hiyo.

Kikao nacho kilifaa kwa sababu ambayo hatukuitarajia. Tuliingia tukidhani tuhuma ya pili ina nguvu, hata mimi niliiona hivyo kwa nyaraka zilizokuwepo. Kama Mzee angeruhusiwa kufanya kikao Alhamisi, karani asingekuwa na kiongozi wa wapagazi, na bila huyo hakuna ambaye angekumbuka daftari la getini. Haki ya kusindikizwa huonekana kwa waajiri kama adabu tu, au kama kero. Hapa ndiyo iliyoleta ushahidi wenyewe mezani.

Kilichoshindikana kilikuwa zaidi ya msimamizi. Ni kweli alificha. Lakini jiulize kwa nini habari ilikuwa na njia moja tu ya kupita. Ilifika getini, ikaandikwa vizuri, na hakuna aliyewahi kusoma daftari lile kwa ajili ya watu. Lilisomwa kwa ajili ya malori. Ofisi ilimtafuta karani kwa simu iliyokufa wakati habari zake zimelala hatua hamsini kutoka kwenye meza ya Madamu. Sasa askari hupeleka habari yoyote ya mfanyakazi moja kwa moja utawala, kwa simu, na kuandika jina la aliyepokea.

Alama kwenye daftari la mahudhurio ilikuwa tatizo jingine. Ghala lilikuwa na herufi moja kwa asiyefika, iwe amekufa mtoto wake au amelewa. Ukihesabu herufi hizo mwisho wa mwezi unapata picha ya utoro ambayo haipo. Tulishauri ziwe nne: ruhusa, ugonjwa, haijajulikana, na bila sababu. Hiyo ya mwisho haiandikwi na msimamizi. Inaandikwa na utawala baada ya kumsikiliza mtu. Msimamizi anaruhusiwa kuandika "haijajulikana" tu, na ikiandikwa siku mbili mfululizo, siku ya tatu mtu anatumwa nyumbani kwa mfanyakazi. Kumtuma boda kijijini ni shilingi elfu chache.

Kuhusu msimu: kwa ghala la nafaka, mavuno ya kwanza yakishaanza Juni hadi Agosti, kumkosa mtu wa mizani si jambo la kushtukiza. Litatokea kwa malaria, kwa msiba, kwa mama kujifungua (hapo sheria yenyewe inampa mama siku 60 za kazi na baba nne). Mwajiri anayetegemea kwamba hakuna atakayekosekana amejenga kazi yake juu ya afya za watu wengine. Wapagazi wawili wamefundishwa mizani sasa, na chaga tupu limeandikwa uzito wake ubavuni kwa rangi nyekundu.

Linabaki suala la fundi wa mifupa, na hili nalisema kwa waajiri wa mashariki na kaskazini hasa, kwa sababu watakutana nalo. Watu wetu wataendelea kwenda kwa mafundi hao. Wako karibu, wanaaminika, na hospitali yenye eksirei iko mbali na inataka nauli. Kumwambia mtu "huna cheti, basi hukuumwa" ni kumwadhibu kwa umbali. Lakini mwajiri naye hawezi kulipa kwa neno la yeyote. Njia iliyofaa hapa ni mwajiri kubeba nauli na gharama ya picha mara tu anapopata habari ya ajali, ndani ya siku mbili tatu, akitaka cheti kwa maandishi wakati huo huo. Anapata uthibitisho wake mapema, na mfupa unapata daktari kabla haujaunga vibaya. Katika kisa hiki habari ilifika Jumanne saa 2:40 asubuhi. Kama gari la ghala lingetumwa siku hiyo, daktari aliyempima alisema mtulinga ungefungwa vizuri na huenda karani angerudi kazini na mkono unaopanda wote.